Sare ya hatua ya 31: Carlsen alikuwa na sababu, lakini aliharakisha

Novemba 26, 2018, jijini London, bingwa mtetezi Magnus Carlsen alimpendekezea mpinzani wake Fabiano Caruana sare baada ya hatua 31 tu, na Caruana akakubali mara moja. Ulikuwa mchezo wa 12 na wa mwisho wa kawaida wa kuwania ubingwa wa dunia wa chesi, na 11 iliyotangulia yote iliisha sare; sare nyingine ilimaanisha bingwa aamuliwe kwa michezo ya kasi, yenye muda mfupi wa kufikiri. Carlsen, aliyeshika kete nyeusi, ndiye aliyekuwa na hali bora ubaoni na muda mwingi zaidi kwenye saa. Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa zamani, alishangaa hadharani, akaanza hata kutilia shaka nafasi ya Carlsen katika michezo hiyo ya kasi.

Wanaomtetea Carlsen wana hoja nzito. Katika chesi ya kawaida waliachana kwa pointi 3 za viwango, 2835 kwa 2832. Katika chesi ya kasi pengo lilikuwa kubwa mno, na Carlsen ndiye aliyekuwa namba moja duniani. Sare ilimpeleka uwanja wake wa nyumbani, na siku mbili baadaye alishinda huko 3-0.

Tatizo langu ni ubao wenyewe. Carlsen alikuwa amechagua ulinzi wa Kisisilia, njia mojawapo ya kuanza mchezo kwa kete nyeusi, tawi la Sveshnikov, ambapo mweusi husukuma askari mapema hadi mraba wa e5 (herufi hutaja safu ya mraba, namba hutaja mstari) na kukubali udhaifu wa d5 ili kete zake zipate uhai. Na uhai aliupata. Mfuatilie farasi wake mmoja: c6, e7, g6, akarudi nyuma hadi f8, kisha d7, mwishowe c5, mahali ambapo ilikuwa shida kumng'oa. Askari wake mmoja alikuwa amefika e4, mwingine a4. Askofu wa f6 alikuwa anachungulia moja kwa moja upande alikojificha mfalme wa Caruana, huku kete nyeupe zikiwa zimebanana nyuma.

Kutumia ile 3-0 kama ushahidi ni kuhukumu uamuzi kwa jambo ambalo hakuna aliyelijua siku ile. Ni kweli wafalme walikuwa pande tofauti za ubao, na hali ya namna hiyo huweza kugeuka kwa hatua moja mbovu. Lakini aliyebanwa na saa ni Caruana, hivyo kosa lilikuwa karibu naye zaidi. Sare ingeweza kuombwa hata hatua tano baadaye. Carlsen alipaswa kuzicheza hizo tano kwanza.