Mkono wa plastiki ukivunjika, usikimbilie alumini

Gari dogo la rimoti la Traxxas Slash, lile la kipimo cha 1/10 (moja ya kumi ya gari halisi) linalosukumwa na matairi ya nyuma, likigonga ukingo wa barabara kwa kasi, kinachokatika mara nyingi ni mkono wa chini wa mbele, yaani kipande kinachounganisha tairi na chasisi na kupanda na kushuka juu ya pini. Mwenye gari anaona ufa uliogeuka mweupe pale pini ya nje inapopita, anaamua kwamba plastiki ni takataka, na jioni hiyohiyo anaagiza seti nzima ya alumini: mikono, vishika-beringi (vinavyobeba beringi za tairi), hadi mihimili ya shokapu.

Wanaotetea alumini wana haki sehemu kadhaa. Kishika-beringi cha nyuma cha plastiki, gari likifungwa betri yenye nguvu ya LiPo (lithiamu-polima) ya seli 3, tundu lake hupanuka kidogo kidogo mpaka beringi inacheza na tairi linayumba ukilishika juu na kulisukuma pembeni. Alumini ngumu ya daraja la 6061-T6 huishika beringi imara kwa muda mrefu zaidi. Vifuniko vya juu vya shokapu navyo: vya plastiki hung'oka nyuzi gari likitua vibaya, mafuta yakamwagika yote. Hapo alumini ni fedha iliyotumika vizuri.

Mkono ni habari nyingine, na ndipo watu wanapoionea plastiki. Chukua gari la kilo 2.5 linalokwenda kilomita 40 kwa saa. Lina nishati ya takriban jouli 154. Lipandishe hadi kilomita 60 kwa saa, uzito uleule, utapata kama jouli 347, yaani zaidi ya maradufu kwa ongezeko la nusu tu ya kasi. Nishati hiyo haipotei kwa sababu umefunga chuma kizuri. Gari linapogonga lazima iishie mahali. Kitu kikijipinda sentimita 2 kabla ya gari kusimama, nguvu ya wastani inayopita ndani yake ni robo ya ile ambayo ingepita kama kingejipinda milimita 5. Nailoni, ile plastiki ya mkono, hujipinda kisha ikarudi. Alumini haitoi nafasi hiyo, kwa hiyo pigo zima linapita na kwenda mbele.

Linakwenda wapi? Kwenye pini, kisha kwenye kizimba cha mbele kinachoshika pini za ndani za mikono, kisha kwenye chasisi. Vyote hivyo bado ni vya plastiki, maana ni wachache wanaobadilisha gari zima. Mkono wa plastiki ni fyuzi: ukikatika, unachomoa pini mbili na mguu wa shokapu, unafunga mwingine, kazi imekwisha. Kizimba kikipasuka, unafungua sehemu yote ya mbele, bampa na usukani vikiwemo. Mkono umepona, lakini umelipa kwa kitu cha ghali na kigumu zaidi kukibadilisha.

Baya kuliko hilo ni alumini inayopinda bila kuvunjika. Plastiki iliyokatika inakuambia usimame. Alumini iliyopinda kidogo inakuacha uendelee: tundu la pini limetoka kwenye mstari, mkono unanata badala ya kuteremka, tairi moja linaangalia nje, gari linavuta upande na wewe unalirekebisha kwa kitufe cha rimoti bila kujua chanzo. Kipimo chake ni rahisi. Fungua shokapu, inua mkono, uachie. Unapaswa kuanguka wenyewe kwa uzito wake. Ukisimama njiani, chomoa pini uiviringishe juu ya kioo. Ikiwa pini imenyooka, basi huenda mkono ndio uliopinda. Kuunyoosha kwa koleo siyo suluhisho, kwani alumini iliyokwisha pinda mara moja hupasuka upesi.

Hoja nyingine ya alumini inatoka nchi za baridi, ambako nailoni huwa kavu na kukatika kama kijiti wakati wa theluji. Mombasa au Dar es Salaam haina theluji. Nailoni hunyonya unyevu wa hewa na unyevu huo huifanya iwe na mnyumbuko zaidi, kwa hiyo hewa ya pwani inaisaidia. Alumini ndiyo inayoumia pwani: skrubu ya chuma ndani ya alumini, chumvi ikiingia kati yao, hula nyuzi mpaka skrubu inagoma kufunguka. Na mchanga wa ufukweni unasaga tundu la pini, kwani rangi ya bluu au nyekundu juu ya alumini ni tabaka jembamba mno.

Magari ya kupanda miamba, kama Traxxas TRX-4, yana hesabu yake. Kilo 3 kwa kilomita 5 kwa saa ni kama jouli 3 tu, na uzito chini karibu na matairi unazuia gari kupinduka. Huko alumini, hata shaba nyeupe, inafaa kabisa. Kwa Slash inayoruka, uzito uleule kwenye tairi unachosha shokapu, kwa sababu springi haziubebi.

Kwa hiyo mkono uliokatika ubadilishe kwa nailoni nene, kwa mfano ya kampuni ya RPM ya California, na alumini uiweke kwenye vishika-beringi vya nyuma na vifuniko vya shokapu. Skrubu inayoingia kwenye alumini isafishe mafuta kwa spiriti, weka tone dogo la gundi ya bluu inayozuia skrubu kulegea, uiache saa 24. Gundi hiyo usiitie kwenye skrubu inayoingia kwenye plastiki, maana aina fulani za plastiki hupasuka zikiigusa. Huko zungusha skrubu kinyume kwanza mpaka uisikie ikidondokea kwenye nyuzi zake za zamani, ndipo uikaze kwa mkono, na uishie pale kichwa kinapokaa.