Mwindaji Akikua, Lengo Lake Hukua Pia?

Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–La Crosse, Marekani, Robert Jackson na Robert Norton, waliwahoji wawindaji zaidi ya elfu moja na kutoka na maelezo ambayo mpaka leo hufundishwa kwa wanaoanza kuwinda nchini humo. Walisema mwindaji hupitia hatua tano. Akiwa mgeni, raha yake ni kufyatua. Akishaizoea bunduki, anataka kutimiza idadi yote anayoruhusiwa. Baadaye anaanza kuchagua, na macho yake yanatafuta dume lenye pembe kubwa tu. Kisha namna ya kuwinda inakuwa na uzito kuliko windo lenyewe: anaweka bunduki chini, anachukua upinde, anajinyima urahisi kwa makusudi. Mwishoni anaridhika na kuwa msituni pamoja na wenzake, na akirudi mikono mitupu haoni kama siku imepotea.

Wanaotajwa sana katika maelezo hayo ni wawindaji wa kulungu, yule mnyama wa kaskazini ambaye pembe za dume lake zina matawi, huanguka kila mwaka na kuota upya. Huku kwetu, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, hatuna mnyama huyo. Tuna tandala, pofu na pongo, ambao pembe ikishaota ni ya maisha. Lakini wawindaji tunao, wa tangu enzi za mababu: wazee wa Kilolo, watu wa Idodi na Pawaga wanaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, vijana wa vijiji vinavyouzunguka Mlima Rungwe. Nikiwapima hawa kwa hatua zile tano naona ukweli mkubwa, na naona pia jambo moja litakalotupotosha tukiyapokea maelezo hayo jinsi yalivyo. Yanamchukulia mwindaji kama mtu ambaye kila mara ana nafasi ya kuamua apige au aache. Nyanda za Juu Kusini nafasi hiyo ni haba, na inazidi kupungua.

Nianze na ukweli wake. Kaa na mzee aliyewahi kuwinda, kisha kaa na kijana. Kijana atakuhesabia. Mzee atakusimulia mnyama mmoja: tandala aliyemfuata tangu alfajiri, mahali upepo ulipogeuka, jinsi alivyomwona akinyanyua kichwa na kujua mambo yameharibika. Aliyekwisha kupata wengi hana tena cha kuthibitisha mbele ya wenzake. Mwili nao una usemi wake, maana kupandisha paja la pofu mlimani si kazi ya mtu wa miaka 60. Zaidi ya hayo, mzee ameona wanyama wakipungua. Mahali alipopata pongo nyuma ya shamba la baba yake, leo wajukuu wake wanatembea kutwa nzima bila kuona hata unyayo. Mtu aliyeliona hilo kwa macho yake hawezi kubaki na lengo la ujana.

Hatua ya tatu, ya kutafuta dume kubwa, ndiyo inayolaumiwa kuliko zote, na nadhani inaonewa kidogo. Anayetaka pembe kubwa hulazimika kuwaacha madume wachanga wapite, kwa kuwa pembe za kulungu huongezeka ukubwa mwaka hadi mwaka mpaka mnyama akomae. Tanzania imelitumia jambo hilohilo kwa simba: kanuni za uwindaji wa kitalii zinataka dume anayepigwa awe amefikisha miaka sita. Sababu yake inaeleweka vizuri. Dume anayelinda kundi akiuawa mapema, dume mgeni huingia na kuua watoto wadogo ili majike warudi kwenye joto, kwa hiyo risasi moja inaondoa simba kadhaa. Akishavuka miaka sita, mara nyingi watoto wake wameshaweza kujitegemea au yeye mwenyewe ameshanyang'anywa kundi. Kwa hiyo mtalii mwenye uchu wa nyara, akilazimika kwanza kuangalia weusi wa pua na manyoya ya shingoni kupitia darubini, anaweza kuwa na madhara madogo kuliko mtu anayepiga chochote kitakachotokea. Sipendi nyara za ukutani, na siwezi kujifanya nazipenda. Lakini mwindaji aliyefundishwa kungoja ni bora kuliko asiyefundishwa.

Mpangilio wa hatua hizo ndio unaoanza kuyumba ukifika huku. Kijana wa Wisconsin anaanza na bunduki yenye risasi kadhaa. Mzee wa Kilolo alianza na gobore. Unamimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, unasukumia kitambaa kwa mdeki, unatia gololi au vipande vya nondo, unashindilia tena, unapachika fataki. Ukikosa, mnyama yuko bonde la pili kabla hujamaliza kushindilia upya. Aliyejifunza kwa silaha ya namna hiyo alijua kunyata kabla ya kujua kupiga. Alijua kugusa kinyesi kuona kama bado kina joto, kurusha vumbi kidogo kujua upepo unakoelekea, kukaa kimya kando ya kijito hadi mnyama asogee karibu kabisa. Ile namna ya kuwinda ambayo Mmarekani anaifikia hatua ya nne, akiwa ameshashiba, huyu aliianza siku ya kwanza kwa sababu hakuwa na nyingine.

Hilo lina pande mbili. Linaonyesha kwamba wazee wetu hawakuwa nyuma ya mtu yeyote kwa ustadi. Linaonyesha pia kwamba sehemu ya nidhamu yao ilikuwa ndani ya gobore lenyewe. Mpe mtu huyohuyo tochi kali ya usiku, ambayo sheria inaikataza katika uwindaji, na nidhamu inaweza kupukutika msimu mmoja. Mwanga unampumbaza pongo akasimama, na kunyata hakuna kazi tena.

Hatua ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi. Ukiisoma harakaharaka, anayetaka wengi anaonekana hajakomaa. Sasa mfikirie baba wa kijijini mwezi Februari, mahindi ya ghalani yanakaribia kwisha na mapya bado mabichi, mboga ni majani ya maboga siku nenda siku rudi. Anachotafuta porini ni kitoweo, na kitoweo hakina hatua ya kupanda, maana watoto wanakula mwaka huu na mwakani watakula. Kumwita mtu huyo mchanga wa akili ni kumkosea. Wanaoandika kuhusu ukomavu wa mwindaji wakiwa na friji iliyojaa nyama wanapaswa kulikumbuka hilo.

Lakini huruma hiyo nayo ina mpaka, kwa sababu si kila nyama inayotoka porini inaingia kwenye sufuria ya nyumbani. Nyingine inakaushwa, inafungwa, inasafirishwa usiku na kuuzwa mjini kwa watu ambao wangeweza kununua ya ng'ombe. Njaa ya familia ina kikomo, wakishashiba wameshiba. Soko halishibi. Mwindaji anayewinda kwa oda ya mteja hafiki hatua ya kuridhika hata akiwinda miaka 40, kwa kuwa anayeamua kiasi gani kinatosha si yeye.

Na huyo wa oda hatumii gobore siku hizi. Anatumia waya. Hapa ndipo maelezo ya Wisconsin yanapokatika kabisa. Ukomavu wote unaoelezwa katika hatua zile tano unatokea katika sekunde chache: mnyama yuko mbele yako, umemwona ni jike au dume, ana mtoto au hana, na kidole kiko kwenye kifyatulio. Ni hapo mtu anapojifunza kuacha. Waya ukishafungwa kwenye mti njiani mwa wanyama, mwindaji yuko nyumbani amelala. Anayenaswa anaweza kuwa pongo jike mwenye mimba. Anaweza kuwa minde, yule mnyama mweusi wa jamii ya funo anayepatikana Tanzania peke yake, katika misitu michache ya milimani ikiwemo Udzungwa na Rungwe, na ambaye yuko hatarini kutoweka. Anaweza kunaswa, kufa na kuoza kabla mtegaji hajarudi. Kijana anayeanza na waya hapati hata mara moja nafasi ya kumwangalia mnyama na kuamua. Anaweza kutega miaka 20 akabaki palepale alipoanzia, na kosa si la umri wake.

Wapo watakaosema basi dawa ni kila mtu aache kuwinda, na kwamba hatua ya tano ndiyo tuitamani wote. Hapo pia nasita. Wisconsin kwenyewe kulungu ni zaidi ya milioni, wanakula mazao na miche ya misitu, wanagongwa na magari. Mwaka 1996 jimbo lilianza kutumia, katika maeneo yaliyozidiwa, kanuni ya kumtaka mwindaji apige kwanza kulungu asiye na pembe, kwa kawaida jike, ndipo aruhusiwe kupiga dume. Wawindaji wengi waliichukia, na mwaka 2011 ikafutwa. Kwa hiyo kulekule kwenye nadharia hii, anayesaka pembe tu na anayekwenda kutazama tu wanaweza kuwaachia wenzao wanyama wasiobebeka na msitu. Huku kwetu ni vivyo hivyo kwa nguruwe pori. Mzee aliyestaafu kuwinda anasifiwa, halafu majirani zake wanakesha kwenye vibanda vya shambani wakipiga madebe ili mahindi yasimalizwe usiku mmoja. Kwa minde nataka kila mtu aache. Kwa nguruwe pori nataka mwenye kibali na shabaha nzuri.

Kuna mfano mmoja wa huku unaonipa moyo. Kando ya Ruaha, upande wa Idodi na Pawaga, wanaishi wafugaji wa Kibarbaig. Kwao kijana aliyeua simba alipata heshima, akazawadiwa ng'ombe, akatazamwa na wasichana. Lengo lake halikuwa nyama wala pembe, lilikuwa jina. Mradi wa utafiti wa wanyama walao nyama ulioanzishwa huko mwaka 2009 baadaye uliwachukua vijana wa aina hiyo, wale wenye kujua kufuata nyayo, ukawapa kazi ya kuwafuatilia simba na kuwatahadharisha wachungaji mapema. Vijiji navyo vilipewa kamera za kutega, na kila mnyama pori anayepigwa picha kwenye ardhi ya kijiji anakiongezea pointi zinazogeuzwa misaada ya shule, afya na mifugo. Waliofanya hivyo hawakungoja kijana azeeke ndipo lengo libadilike. Walimwachia ustadi, wakamwachia na heshima, wakabadilisha kinacholeta heshima hiyo.

Upande mwingine utasema hiyo ni fedha ya wafadhili, na siku ikikatika mikuki itarudi. Ni hoja nzito, siwezi kuipuuza. Idodi na Pawaga wanaijua vizuri habari ya mipango inayokuja na kupungua nguvu. Miaka ya 1990 vijiji vyao vilipewa mgawo wa wanyama wa kuwauzia wawindaji wakazi, yaani wenye leseni wanaoishi nchini, si watalii, fedha zikaingia kwenye miradi ya kijiji, na baadaye ikazaliwa jumuiya ya MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Kijiji kilipata madarasa. Ila aliyefyatua mara nyingi alikuwa mtu wa mjini mwenye gari na leseni, na mwindaji wa kijijini aliendelea kuitwa jangili kwenye msitu uleule. Huyo lengo lake haliwezi kukua ndani ya sheria wakati mlango wa sheria haumtoshi kupita. Kanuni za mabucha ya nyamapori za mwaka 2020 zilifungua njia ya kuuza nyama halali, nami naziunga mkono, kwa sharti kwamba bei yake imfikie pia mtu wa Pawaga. Bucha likiwa la mjini tu, waya hautaondoka.

Tusisahau pia kile mwindaji anachobaki nacho akishaacha kuua. Mwaka 2003 watafiti walianza kumsaka kipunji, kima asiyejulikana na sayansi, baada ya kusikia habari zake kwa wawindaji wa Kinyakyusa wa Mlima Rungwe. Mwaka 1991, katika milima ya Ndundulu upande wa Udzungwa, watafiti kutoka Denmark waliona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria ya kambini. Alikuwa kwale wa Udzungwa, ambaye ndugu zake wa karibu wanaishi Asia. Mara zote mbili msitu ulikuwa tayari unafahamika vizuri na watu wanaoutegemea kwa kitoweo, ila hakuna aliyekuwa amewauliza.

Ndiyo maana naona askari wa wanyamapori wa vijiji wanaotumwa kung'oa waya Rungwe na Kilolo wasiende na vijana watupu. Waende na wazee waliowahi kuwinda, walipwe posho kamili kama wengine. Mzee anajua njia anayopita minde kwenda kunywa maji, kwa hiyo anajua waya umefungwa wapi, na akiwa njiani atamfundisha kijana kumwangalia mnyama kwa muda mrefu kabla ya kufikiria nyama.