Tuiache Garand, tumtazame koplo

Juzi nimegombana tena na rafiki zangu wawili kijiweni kuhusu vita vya Pasifiki, vile vya Marekani na Japani katika Vita Kuu ya Pili. Wao wanasema Garand, bunduki ya Wamarekani, ndiyo iliyomshinda Mjapani: risasi nane bila kukoki, wakati mwenzako Mjapani ana bunduki yake ya Arisaka ya risasi tano na kila moja lazima avute bolti. Eti hesabu imekwisha. Nimerudi nyumbani na hasira, na mpaka leo haijanitoka.

Hesabu haijaisha. Askari wa Marine, yaani wanamaji wa Marekani, walioshuka kisiwa cha Guadalcanal tarehe 7 Agosti 1942 walishika bunduki ya Springfield ya mwaka 1903. Nayo ni ya risasi tano, ya kukoki vilevile. Wiki mbili baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 21, kikosi cha Kanali Ichiki wa Japani kiliwavamia kwenye mto waliouita Tenaru, na Wajapani kama 800 wakafia pale. Pande zote mbili bunduki za kukoki! Kilichowaua ni rashasha na mizinga ya milimita 37 iliyopangwa vizuri, na watu waliojua nani anamlinda nani. Garand zilikuja kufika Oktoba, mikononi mwa Regimenti ya 164 ya jeshi la nchi kavu.

Haya, zilipofika zilisaidia, na Marine wengi walizitamani. Hilo nalikubali.

Lakini mimi natetea jinsi watu walivyopangwa. Machi 1944 Marine waliipanga upya seksheni yao, yaani kundi dogo la askari chini ya kiongozi mmoja, ikawa ya watu 13: sajini mmoja, na chini yake timu tatu za watu wannewanne. Kila timu ina koplo, mpiga BAR (bunduki nzito ya kumimina risasi mfululizo), msaidizi wa mpiga BAR na mpiga bunduki mmoja. Aliyepita JKT ataelewa kwa nini nalishikilia jambo hili. Siku moja tukiwa zoezini mvua ilitukuta porini. Seksheni yetu ilikuwa watu kumi, kiongozi yuko mwisho wa mkono wa kulia anapaza sauti, mimi niko kushoto sisikii neno. Nikalala chini kwa sababu tu nilimwona wa jirani yangu amelala. Hiyo ilikuwa mvua, hakuna aliyetupiga risasi.

Sasa mweke sajini wa Marine kwenye mawe ya matumbawe ya kisiwa cha Peleliu, mabomu ya milimita 50 ya Wajapani yanaanguka, aongoze watu kumi na wawili kwa koo lake. Haiwezekani. Koplo mwenye watu watatu anawaona wote na anawaita kwa majina. Mbele kuna handaki lenye rashasha: timu ya kwanza inamimina BAR kwenye tundu, ya pili inazunguka ubavuni, ya tatu inatazama handaki la jirani, maana kwenye kisiwa kingine, Iwo Jima, mahandaki yaliunganishwa chini kwa chini. Sajini akianguka wapo makoplo watatu wanaojua kazi iliyobaki. Hapo ndipo ninapoona ushindi wa seksheni ile.

Tena BAR yenyewe haikuwa bunduki ya ajabu. Inakaribia kilo tisa, na magazini yake ya risasi 20 inaisha upesi mno. Bren, rashasha nyepesi ya wazee wetu wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), waliopambana na Mjapani huyohuyo kule Bama (Burma), bonde la Kabaw, mwaka 1944, ilikuwa na magazini ya risasi 30, na kwangu mimi ilikuwa bora zaidi. Ila seksheni ya Keya ilikuwa na Bren moja. Ya Marine ilikuwa na BAR tatu, kila moja ina koplo anayeielekeza.

Kabla ya mpango huo wa 1944 palikuwa na Evans Carlson. Ofisa huyu wa Marine alikwenda China mwaka 1937, akatembea na Jeshi la Njia ya Nane la wakomunisti akitazama wanavyopigana. Mwaka 1942 alipopewa batalioni ya pili ya Raiders, askari wa Marine wa uvamizi, aliunda seksheni ya watu kumi: kiongozi na timu tatu za watu watatuwatatu. Novemba hiyo aliiingiza batalioni yake msituni Guadalcanal kwa takriban mwezi mzima. Walitoka wamepoteza watu 16 na kuripoti kuwa wameua Wajapani 488.

Na silaha za kila timu? BAR moja, bunduki fupi ya rashasha ya Thompson moja, Garand moja. Jumamosi nitawauliza wale wawili kwa nini Carlson hakuwapa wote Garand.