Kuku wa Babu

Siku ya walima wa dada yangu, Tanga, nilijipa cheo mwenyewe: mgawa kuku kwa kompyuta. Mashangazi wamegawa kuku kwa macho miaka yote na hakuna aliyewahi kununa, lakini mimi ndiyo kwanza nimejifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, mikono inaniwasha.

Kuku walibanikwa wazima, wale wadogo wadogo, kila mgeni nusu. Basi idadi ya watu kwenye sinia zidisha kwa 0.5, kisha "round" iipeleke kwenye namba nzima. Shuleni si tuliambiwa nusu hupanda juu? Nikabandika orodha kwenye mlango wa jiko, nikaenda kuvaa kanzu.

Kelele zilianzia uani. Masinia ya watu wanne na sita yalitulia. Lakini la watatu limepata kuku wawili, la watano wawili vilevile! La saba wanne, la tisa wanne pia. Na wale tisa ni upande wa bwana harusi. Mkwe akishaanza kuhesabu mapaja, hapo hakuna harusi tena.

Kisha nikamwona Babu. Kwa heshima yake alitengewa sinia peke yake, chini ya feni. Pilau imejaa, zabibu zinang'aa, kuku hakuna. Orodha imesema: mtu 1, kuku 0. Nikamwamkia. Hakuitikia.

Nikaanza kujitetea kwamba desimali huisumbua kompyuta, ukijumlisha 0.1 na 0.2 inakupa 0.30000000000000004. Kweli, ila haikuhusu: nusu inaihifadhi bila kasoro. Kosa ni langu. "Round" ya Python 3 ikikuta nusu kamili huikimbiza kwenye shufwa iliyo karibu, kwa hiyo 1.5 ni 2, 2.5 ni 2, na 0.5 ni 0. Ni ujanja wa kuzuia jumla ya namba nyingi isielemee juu kila mara. Nani atamweleza Babu hayo, na njaa ile?

Nikaketi kizingitini na simu, nabadilisha "round" niweke "ceil", kila nusu ipande. Shangazi akanisimamia, kisu mkononi.

"Wafanya nini?"

"Naiangalia nusu iende wapi, Shangazi."

"Kwani kuku hakatiki?"

Akapasua mmoja katikati. Nusu akampelekea Babu. Nusu nyingine akaila mwenyewe, palepale, ananitazama.