Dini hadharani: serikali idhibiti spika, isidhibiti maneno

Msimu wa korosho, fedha zikishaingia mikononi mwa wakulima, stendi za Mtwara na Masasi hujaa matangazo ya dini. Kwenye nguzo limefungwa bango la mkutano wa injili, lenye picha ya mchungaji na neno UPONYAJI kwa herufi nyekundu. Pembeni limebandikwa tangazo la mhadhara wa sheikh mgeni. Katikati inapita bodaboda yenye spika mbili nyuma, imezidishwa sauti hadi inakoroma, na muuza dagaa anamwomba mteja arudie alichosema.

Wapo wanaotaka serikali ipige marufuku yote haya, dini ibaki msikitini na kanisani. Wengi wao ni waumini wazuri tu, na wana sababu nzito. Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako. Mwaka 2023, kule Shakahola nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyedaiwa kuwaambia wafunge hadi kufa. Na waliokuwepo miaka ya themanini na tisini wanaikumbuka mihadhara ya kulinganisha dini, huyu akifungua kitabu cha mwenzake mbele ya umati ili kukidhihaki. Oktoba 2012 ubishi wa watoto juu ya Kurani uliishia kwa makanisa ya Mbagala kuvamiwa na kuchomwa. Anayesema maneno hayana madhara ameyasahau hayo.

Hata hivyo, huku kusini tunayo kumbukumbu nyingine. Mwaka 1908, mwaka mmoja tu baada ya Vita vya Maji Maji, ilisambaa Lindi barua iliyosemekana imetoka Makka. Iliwahimiza watu watubu na kushika ibada kwa kuwa Kiyama kimekaribia. Watawala wa Kijerumani walitaharuki, wakaisoma kama mwito wa uasi mpya, wakaanza kuwasaka waliokuwa wakiieneza. Mwenye madaraka akiogopa, hata wito wa toba huuona ni uchochezi. Hofu hiyo haikuondoka na Wajerumani. Hukaa popote afisa mmoja anapopewa uwezo wa kuamua mahubiri yapi ni salama.

Katiba yetu, ibara ya 19, inasema kutangaza na kueneza dini ni jambo huru na la hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 30 nayo inaruhusu sheria kuweka mipaka kwa ajili ya amani, afya na haki za wengine. Ugomvi wote uko hapo katikati.

Ireland walijaribu njia moja. Sheria yao ya 1988 ilikataza matangazo ya dini redioni na kwenye televisheni. Mchungaji aliyekataliwa tangazo lake la Pasaka mwaka 1995 alikwenda hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na mwaka 2003 akashindwa. Mahakama iliona kwamba redio ina nguvu kubwa kuliko gazeti, na kwamba milango ikifunguliwa, dini yenye fedha nyingi ndiyo itakayonunua muda mwingi. Lakini mchungaji yule alibaki huru kutangaza magazetini na kuhubiri mikutanoni. Kilichofungwa ni chombo kimoja. Rwanda mwaka 2018 ilikwenda mbali zaidi: ilifunga maelfu ya makanisa kwa sababu za kelele na ubora wa majengo, na katika sehemu ya Kigali ikazuia adhana kwa vipaza sauti. Hoja ya majengo ni ya haki, ila walioumia zaidi ni makanisa madogo ya watu maskini yasiyoweza kulipia ukarabati.

Mimi nasimama upande wa kudhibiti sauti, saa na usalama wa umati. Sheria ya Mazingira ya 2004 na kanuni za kelele za 2015 tayari zipo, hazihitaji kumuuliza mtu anaabudu nini. Mama aliyejifungua jana anahitaji usingizi, awe jirani wa baa, wa mkutano wa injili au wa msikiti. Anayetangaza kuponya kisukari kwa malipo aulizwe ushahidi kama mwuza dawa yeyote. Anayehimiza watu wapigwe ashtakiwe. Yanayobaki, hata yakiniudhi, yaachwe.

Kuifungia dini ndani hakuwezekani Mtwara wala Lindi. Zafa ya maulidi hupita barabarani. Matanga hukaa chini ya mwembe, na anayesoma dua amezungukwa na shemeji zake Wakatoliki. Enzi za ukoloni, Askofu Vincent Lucas wa Kanisa la Anglikana, Masasi, aliliingiza jando kanisani badala ya kulikataza, kwa kuwa aliona imani ya watu hawa iko nje, uwanjani.

Swali gumu ni adhana ya alfajiri. Wakristo wengine huuliza kwa nini mkutano wao uzimwe saa nne usiku na adhana isiguswe. Ni swali la haki. Naona adhana ya dakika chache haifanani na mahubiri ya saa tano, lakini kipimo cha ukubwa wa sauti kiwe kimoja kwa wote, la sivyo ni mkuki kwa nguruwe. Pwani Waislamu ni wengi, na vijiji vinavyozunguka Ndanda Wakristo ni wengi. Kila upande una mahali ambapo wenyewe ndio wachache wanaosubiri kibali cha mkutano.

Na kibali ndicho kinachonitia wasiwasi. Mwombaji akiambiwa "njoo kesho" mara tatu, mkutano umekwisha kukataliwa na hakuna aliyeukataa. Ofisi itoe jibu kwa maandishi, itaje kifungu cha sheria, na ijibu mapema kiasi kwamba mtu aweze kukata rufaa kabla ya siku ya mkutano.