Picha ya maua na matunda: anza na zabibu

Sifa ya kwanza inayomtoka mtu mbele ya picha ya maua na matunda ni "utadhani ya kweli". Naiona sifa hiyo kuwa ndogo mno. Kunakili petali kunataka subira tu. Kazi ngumu ni kuamua ukingo upi uwe mkali na upi uyeyukie gizani, na hapo ndipo wachoraji wanapopishana.

Nenda moja kwa moja kwenye zabibu, uchague punje moja. Upande unakotoka mwanga utaona nukta nyeupe ya rangi nzito. Lakini mwanga hupenya pia ndani ya punje na kutokea upande wa pili, kwa hiyo chini, pale unapotarajia giza, pana mng'ao laini. Asiyelijua hili hutia kivuli kizito hapo, na zabibu zake huwa ngumu kama gololi. Kisha tazama ule utando wa unga juu ya ganda: ni rangi ya kijivu cha buluu, iliyopakwa kidogo sana kwa brashi karibu kavu, baada ya rangi ya chini kukauka. Mchoraji akiharakisha, rangi hizo mbili huchanganyika na punje yote inakuwa tope.

Kuhusu maua, huo "ukweli" wenyewe ni wa kubuni. Mchoraji Mholanzi Jan van Huysum aliandika tarehe za miaka miwili, 1736 na 1737, kwenye picha yake ya maua iliyopo jumba la sanaa la National Gallery, London, ishara kwamba kazi ilivuka msimu mmoja. Wachoraji wa aina yake waliunganisha maua ya misimu tofauti katika chombo kimoja, shada ambalo halikuwahi kukaa mezani hivyo. Huo ni utunzi, nao unastahili kusifiwa kama utunzi.

Ukikuta majani ya buluu kwenye picha za zama hizo, usimlaumu mchoraji. Mara nyingi kijani kilipatikana kwa kuchanganya buluu na manjano ya mimea, au kupaka moja juu ya nyingine. Manjano hiyo hufifishwa na mwanga, buluu ikabaki peke yake. Vanishi ya zamani nayo hugeuka manjano, ikafanya weupe wa waridi uonekane kama siagi.

Mwisho, sogea pembeni mpaka mwanga wa chumba uteleze juu ya turubai. Sehemu nyeupe zitaonekana zimeinuka, na vivuli vimelala vyembamba. Picha ya simu haikuonyeshi hilo.