Lori la Namanga si msaliti

Ukitaka kumchokoza mtu wa maua hapa Arusha, mwambie waridi lake ni la Kenya. Linakatwa Usa River, linapozwa, linapakiwa kwenye lori la friji, na lori linaipa KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, mgongo. Linavuka mpaka wa Kenya pale Namanga na kwenda kupandisha mzigo ndege Nairobi, safari ya kilomita zipatazo 270 kutoka Arusha mjini. Huku nyuma KIA imetulia na njia yake ya kurukia ya mita 3,600, ndefu ya kutosha kwa ndege kubwa la mizigo.

Wanaoliona hili kuwa aibu wana hoja, na nitaifikia. Ila miaka yote mwenye lori amesemwa kama mtu aliyeuza nchi, na sidhani kama anastahili.

Kila mjadala wa namna hii huishia kwa marehemu mmoja: East African Airways, shirika la ndege la pamoja la Kenya, Tanzania na Uganda. Wazee husimulia kwamba tulikuwa na ndege zetu, Kenya wakabaki nazo 1977, na tangu hapo mzigo wetu unapitia kwao. Masimulizi hayo yana ukweli nusu. Makao makuu ya shirika na karakana yake vilikuwa Nairobi tangu mwanzo, miaka ya arobaini, kwa hiyo siku ya kugombana kila kilichokuwa uwanjani Embakasi kilikuwa mikononi mwa mwenyeji. Wakenya nao walikuwa na lao: walisema wamechoka kubeba safari za ndani ya Tanzania zisizolipa, na kwamba wenzao hawapeleki fedha kwenye mfuko wa pamoja. Ndege zikasimama, Kenya ikaunda shirika lake, na Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka.

Kinachosahaulika ni namna shirika lile lilivyobeba mzigo. Ndege zake kubwa zilikuwa Super VC10, tano jumla, na ziliagizwa zikiwa na mlango mpana wa mizigo ubavuni, upande wa mbele. Ndani, abiria na shehena waliweza kugawana ukumbi mmoja, mbele makasha, nyuma viti. Safari ilikuwepo kwa sababu ya abiria, na mzigo ukadandia. Ndege ikijaa watu, mzigo ulilipa kidogo tu na bado faida ikaonekana.

Kwa hiyo sikubali kwamba tuliibiwa ndege. Zile VC10 nne zilizobaki (moja iliangukia Addis Ababa 1972) hazikuishia kwa Mkenya wala kwa Mtanzania. Zilirudishwa Uingereza, na jeshi la anga la huko likazigeuza kuwa ndege za kujazia nyingine mafuta angani. Mojawapo, 5H-MOG, iliyobeba herufi za usajili wa Tanzania, ndiyo VC10 ya mwisho kutoka kiwandani. Iliendelea kuruka hadi Septemba 2013. Chuma kilikuwa kizima kabisa, kilichokufa ni hesabu za ndugu watatu.

Hesabu zenyewe zilifungwa hapa hapa Arusha, Mei 1984, baada ya usuluhishi wa Victor Umbricht: Kenya asilimia 42 ya mali ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika, Tanzania 32, Uganda 26. Ratiba ya ndege haikuwa kwenye mirathi. Nairobi ilibaki na safari nyingi, na penye safari nyingi mzigo hujipeleka wenyewe.

Sasa tuje kwenye dawa inayopendekezwa kila msimu: tuwe na ndege yetu ya mizigo KIA. Ndege ipo. Juni 2023 Air Tanzania ilipokea Boeing 767-300F, uwezo wake tani 54. Namba hiyo hutajwa kwa fahari, nami huitazama kwa wasiwasi. Chukua lori la friji la tani kumi. Unahitaji malori matano na zaidi, yote yafike siku moja, na maharage machanga yaliyochumwa juzi hayakubaliki. Mkulima wa Ngarenanyuki au wa kule Siha hana tani kumi. Ana tani mbili Jumanne, nusu tani Alhamisi, na Jumamosi mvua imenyesha hakuchuma. Nairobi huyo wa nusu tani anapata nafasi karibu kila usiku, ama kwenye tumbo la ndege ya abiria ama kwenye ndege ya mizigo iliyokwisha jazwa na wakulima wa Naivasha. Kwenye ndege ya tani 54 inayokuja mara moja kwa wiki, yeye ni tatizo la mtu wa ratiba.

Na tuseme tani hizo zimejaa. Ndege imekwenda, inarudi na nini? Bidhaa za madukani mwetu nyingi huja kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa barabara. Hakuna tani 54 za kitu chochote zinazosubiri huko Ulaya zije Arusha kwa ndege kila wiki. Itarudi tupu au nusu tupu, na mafuta ya kurudi tupu atalipa nani? Atalipa waridi. Huyo huyo tuliyetaka kumkomboa kutoka Namanga.

Kuna na jipya. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka huko, na Juni 2025 marufuku ikapanuliwa kwa mashirika yote ya Tanzania. Soko kubwa la waridi liko huko huko.

Upande wa pili una kitu kimoja kizito, nacho ni mpaka. Ulifungwa 1977 ukafunguliwa Novemba 1983. Mei 2020 madereva walikwama Namanga kwa mgogoro wa vipimo vya korona, na mboga haijui diplomasia. Anayesema usiweke maisha yako kwenye geti la jirani hasemi upuuzi. Kituo cha pamoja kilichozinduliwa Namanga 2018 kimepunguza foleni, hakijaondoa uwezekano wa mtu kuamka na hasira.

Lakini jibu la hofu hiyo silioni kwenye ndege ya mizigo. Nalitafuta kule walikolitafuta wale wa VC10: abiria. KIA inapokea watalii, na ndege zinazowaleta zina matumbo, japo msimu wa kupanda mlima yanajaa mabegi ya mahema na mabuti. Kila safari mpya ya ndege pana ya abiria kwenda moja kwa moja ng'ambo inamfungulia mkulima nafasi ya tani kadhaa, kwa nusu tani zake za Alhamisi, bila mtu kulipia kurudi tupu. Panapohitajika fedha ya serikali, iende kwenye vyumba vya baridi pale uwanjani na wakaguzi wa mimea wa zamu ya usiku. Lori liachwe liende Namanga mpaka siku mwenyewe atakapoona KIA ni rahisi zaidi. Atageuza usukani bila kuhutubiwa.